Mtutu wa Tatu

Fundi Kutu hakupenda wateja wanaolia. Alipomwona mama mtu mzima akiingia karakanani na gunia refu kifuani, akaomba kimoyomoyo asiwe mmoja wao. Hakuwa. Mama alilaza gunia mezani, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Humu mna bunduki ya mume wangu. Miaka thelathini na moja haijaguswa. Kibali cha polisi hiki hapa."

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nimechanganyikiwa."

"Unataka ing'ae?"

"Ing'ae iende wapi? Nataka uniambie kama iligoma."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mume wa mama huyu na mdogo wake mama wa kiume, wa tumbo moja naye, walitoka kumfuata nyati aliyekuwa akivuruga mashamba. Watu wawili, bunduki moja. Mume alirudi na maiti ya shemeji yake aliyeuawa na nyati begani na neno moja tu mdomoni: iligoma. Watu wakacheka pembeni, wakasema lisemwalo lipo, na tangu siku hiyo jina lake mtaani likawa Miguu, kwa kuwa eti alikimbia. Mkewe hakumwita hivyo hata siku moja. Hakumtetea pia. Sasa Mzee Miguu alikuwa kitandani, siku nyingine anamtambua mtu na siku nyingine hamtambui, na daktari alishasema wasihangaike tena kumpeleka hospitali.

"Kama alikuwa mwoga, nimsamehe kama mwoga," mama alisema. "Kama alisema kweli, nimwombe radhi angali anasikia. Siwezi kumzika mtu nisiyemjua."

Fundi alijikuna shingo. Alikuwa na msemo wake, ameshawachosha nao hata majirani: chuma hakina shemeji. Watu hudanganya kwa kupendeleana, chuma hakimpendelei mtu. Akamwambia mama arudi baada ya siku nne.

Alipofungua gunia akahesabu mitutu, akahesabu tena. Ilikuwa mitatu. Bunduki ya namna hiyo aliwahi kuiona mara moja tu, tena kwa mchoro, katika kitabu cha zamani cha mwalimu wake. Mitutu miwili ya juu ilikaa ubavu kwa ubavu, laini ndani, ya marisau ya kupigia ndege. Wa tatu ulijificha chini yao, mwembamba, wenye mifuo ndani, wa risasi moja nzito ya kumwangusha mnyama mkubwa. Lakini nyundo zilikuwa mbili tu. Fundi akacheka peke yake: nyundo ya upande wa kushoto ilikuwa na mke mmoja, ya upande wa kulia ilikuwa na wake wawili, na swichi ndogo karibu na kidole gumba ndiyo iliyopanga zamu. Ikisukumwa mbele, nyundo ya kulia inagonga mtutu wa chini. Ikirudishwa nyuma, inagonga wa juu.

Fundi mwingine angeitumbukiza kwenye mafuta ya taa na kuishambulia kwa brashi ya waya. Huyu hakupewa jina la Kutu bure. Kutu ilikuwa imeshika kila kitu pale kilipokuwa siku ile, na akiiondoa kwa pupa, amemfukuza shahidi. Aliandika kwanza alichokiona: nyundo zote mbili zimelala, swichi iko nyuma. Kisha akaanza kudondoshea mafuta, tone kwa tone, huku mdomo wa bunduki ukielekea kwenye sanduku la mchanga, kwa sababu bunduki isiyofunguliwa huhesabiwa kuwa imejaa mpaka ifunguliwe.

Asubuhi ya siku ya nne ikakubali kufunguka. Katika mtutu wa chini alikuta risasi nzima. Fataki yake, pale kitakoni nyundo inapogonga, haikuwa na alama yoyote. Mtutu wa kushoto ulikuwa na ganda tupu la marisau, lenye kishimo kimoja pale nyundo ilipogonga. Wa kulia nao ulikuwa na ganda tupu. Hili lilikuwa na vishimo viwili.

Fundi alichukua kioo cha kukuzia, akatazama, akakiweka, akaketi. Ganda likishalia halilii tena. Kishimo cha pili kilipigwa na mtu aliyeinua nyundo upya na kuvuta.

Mama alipokuja, alimwonyesha bila kumzungusha.

"Hakukimbia. Mtu anayekimbia hainui nyundo. Alisimama, akavuta, ikagonga ganda tupu."

Mama alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo iligoma."

"Hapana, mama. Bunduki ni nzima. Swichi ilikuwa upande wa ndege. Kabla ya nyati kuna mtu alipiga marisau mara mbili, hakutoa maganda, wala hakusukuma swichi mbele. Mzee alipenda kupiga ndege?"

Mama alikaa kwenye kile kiti alichokikataa siku ya kwanza.

"Kwale," alisema. "Mkoba wa mdogo wangu ulirudi na kwale wawili. Yule hakuwahi kumwacha ndege apite. Atakuwa amewapiga, akamwachia mwenzake bunduki, akaenda kuwaokota, nyati akamkuta huko. Niliwatupa wale ndege, fundi. Sikuuliza."

Fundi alimsogezea lile ganda lenye vishimo viwili.

"Mume wangu alijua?"

"Swichi iko chini ya kidole gumba. Alijua siku ileile."

"Angesema tu kwamba ni mdogo wangu aliyesahau, watu wangemwacha."

"Na wewe ungebaki na nini?"

Mama alitoa simu, akampigia binti yake, akamwambia amwekee baba sikioni. Masikio yake mwenyewe yalikuwa mazito, kwa hiyo alifungua spika, na fundi akasikia pumzi za mgonjwa zikijaa karakana nzima.

"Baba," mama alisema, "nimeiona bunduki. Nimejua habari ya wale kwale."

Pumzi zilikatika, zikarudi.

"Wewe nani?" sauti iliuliza.

Mama alifungua mdomo, lakini mzee hakumngoja.

"Yeyote uliye, mke wangu asijue," alisema. "Mdogo wake alikuwa yule mmoja tu. Niapie."

Mama alifuta uso kwa kiganja. Radhi aliyotembea nayo siku nne ilikuwa pale mdomoni, na hakuwa na njia ya kuitoa bila kumvunjia mzee kitu alichokilinda maisha yake yote.

"Naapa," alisema. "Hatajua. Pumzika sasa."