Barua ya Kumfukuza Bi Sevu

Jamani, kuna watu wanaofukuzwa kazi, na kuna watu wanaochapa wenyewe barua ya kufukuzwa kwao. Bi Sevu, karani wa ghala la magodoro, alikuwa wa kundi la pili. Nani alimtuma awe peke yake anayeiweza ile kompyuta?

Ilikuwa inazimika ghafla, bila hata kuaga, mara kumi kwa siku, tangu Bosi alipoipeleka nyumbani kwake miezi minane iliyopita "kuifuta vumbi". Makarani wenzake Bi Sevu walinyoosha mikono, wakashindwa. Yeye akajizoesha kusevu, yaani kuhifadhi alichoandika, kila baada ya mstari, ndipo akapachikwa hilo jina. Bosi akaamua kuwa mashine haina ubaya, ubaya ni wa karani.

"Umeizoesha tabia mbaya," alimwambia. "Hata mimi saa ya chakula inanizimikia!" Hakusema saa ya chakula huwa anaifanyia nini.

Asubuhi moja Bosi akasimama nyuma ya kiti cha Bi Sevu. "Andika. Umeachishwa kazi kwa uzembe. Uzembe kwa herufi kubwa."

Bi Sevu akapiga hesabu. Miaka kumi na mmoja ya kazi, halafu neno hilo limfuate kila mlango atakaobisha hodi! Lakini vidole vilishazoea. Akachapa UZEMBE, akasevu, mashine ikazimika. Wakaiwasha. Kila walipotaka kuichapisha barua kwenye karatasi, ikazimika tena. Mara ya nne Bosi akasonya, akafanya jambo alilolikataa miezi yote minane: akamwita fundi.

Makubwa haya, Bi Sevu akawaza. Nimeomba fundi nifanye kazi, nikanyimwa. Leo kaja mbio ili nifukuzwe vizuri! Alitaka kulia, kicheko kikatangulia.

Fundi akafungua mashine, akapuliza vumbi, akaguna. Akachomoa kadi ya picha, nene kama tofali, ina feni mbili.

"Mzee, hii ni ya kuchezea michezo. Inabugia umeme. Na pawasaplai yenu, hiki kisanduku kinachogawa umeme humu ndani, ni cha kuandikia barua tu. Mmembebesha mbuzi mzigo wa punda. Lazima azirai. Nani kaiweka?"

Bosi akatazama dari.

"Nina ligi yangu humo," akasema mwishowe, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nimebakiza mechi mbili nichukue kombe."

Kombe! Bi Sevu hasira zilimpanda mpaka utosini. Yaani mkate wa watoto wake umwagwe mchangani kwa ajili ya mpira wa kwenye kioo!

"Basi muiache nje," fundi akasema, "au muagize pawasaplai kubwa."

"Tuagize!" Bosi akadakia. "Makao makuu watatoa. Bi Sevu, andika barua."

Kadi ikiwa bado mezani, mashine ikawaka, ikatulia tuli. Bi Sevu akachapa: Tunaomba pawasaplai kubwa. Akasevu. Sababu ya ombi. Akasevu. Kisha akainua vidole.

"Niandike sababu gani, bosi?"

Fundi, mtu mwenye haya zake, akajitia kuhesabu skrubu.

"Andika... kazi zimeongezeka."

"Kazi za nani?"

"Za karani."

"Karani yupi, bosi? Huyu mzembe?"

"Karani hodari," Bosi akasema, na neno lilimtoka kwa taabu kama jino. "Ambaye ofisi haiwezi kwenda bila yeye."

"Hodari kwa herufi kubwa?"

"Kubwa, dada. Kubwa tu."

Akachapa HODARI, akasevu, akatoa nakala mbili kwenye karatasi. Bosi akazitia saini upesi, akazipiga muhuri, akajifuta jasho.

"Na ile ya asubuhi tuisahau," akasema, akijichekesha. "Si ilipotea mashine ilipozimika?"

"Wala haikupotea, bosi," Bi Sevu akamjibu kwa upole, huku anakunja nakala moja ya barua mpya na kuitia kwenye mkoba wake. "Niliisevu. Kila mstari."