Kilimi cha Shami

Asubuhi ile nilimfunua Shami kifua, nikaiwasha saa ya simu na kuhesabu pumzi zake dakika nzima. Arobaini na nne. Mshauri wa afya wa mtaa wetu wa Nyakabanda alitufundisha kwamba mtoto wa miezi minane akifika hamsini, mkimbize kituoni. Alikuwa anakohoa, lakini hamsini hajafika. Nikambusu, nikajiandaa kwenda kwenye mtihani wa shule yangu ya jioni, uliowekwa Jumamosi mchana.

"Weye unahesabu mtoto kama maharage," mama mkwe akanicheka. Nahimana alikulia Bujumbura, mimi Ngara, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili. "Anakohoa, anatapika maziwa. Hiyo iko kilimi, imerefuka inamkwaruza koo. Mume wako Viateur nilimkatisha na miezi sita, na leo si anaendesha lori?"

"Hakuna kukata kitu, Mama. Nikirudi nitamhesabu tena."

Akamchukua Shami, akamfunga mgongoni.

Kwenye mtihani simu huzimwa. Nilipotoka saa tisa nikaiwasha, nikakuta mama mkwe amenipigia mara nne. Nikampigia.

"Niko Masaka, kwa Cassien, yule mkata vilimi," alisema. Nyuma yake kulikuwa na mtoto analia, kilio kinakatika na kuanza tena. "Mtu mmoja tu iko mbele yangu."

"Usimpe, Mama! Mama!"

Simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana.

Masaka ni upande wa pili wa jiji. Juu ya pikipiki sikuona barabara. Niliuona wembe, nikakiona kile kinyama kidogo kinachoning'inia kooni, na damu inayomtiririkia mtoto asiyejua hata kutema.

"Dada, tulia, pikipiki inayumba," dereva akasema.

"Twende tu, kaka. Twende."

Nyumba ya Cassien iko nyuma ya kishamba cha mihogo. Mama mmoja alikuwa anatoka, amemzibia mwanawe mdomo kwa pembe ya kitenge, na ile pembe imelowa damu.

"Kuna bibi ndani?"

"Ndiyo kaingia sasa hivi."

Nikasikiliza. Kimya. Shami hata kuoshwa uso hulia. Mbona halii?

Nikavuta pazia. Cassien alikuwa amesimama, kijiko mkono mmoja, waya uliokunjwa mkono wa pili. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, ameuficha uso wa Shami kifuani mwake.

"Bibi, mfungue mdomo au utoke. Mnanichelewesha."

"Nimekwambia ngoja!"

Aliponiona, midomo ikaanza kumcheza. "Kabla ya Viateur nilikuwa na binti. Na yeye nilimkatisha. Damu ilikataa kusimama."

Miaka mitatu tunaishi nyumba moja, sikuwahi kulisikia hilo.

"Sasa Shami ulimleta kwa nini, Mama?"

"Nilikupigia mara nne! Mtoto anazidiwa, weye umezima simu. Ningekaa nimtazame? Ndiyo dawa niliyofundishwa, sina nyingine."

Mimi nilikuwa nimeiamini namba ya asubuhi, kana kwamba mtoto angenisubiri nimalize mtihani.

Nikamfunua kifua. Mbavu zilikuwa zinazama kila akivuta hewa. Ndiyo maana halii: hana pumzi ya kulilia. Nikaanza kuhesabu, namba zikanipotea kwenye ishirini.

"Shika saa," mama mkwe akasema, akaweka kiganja chake juu ya tumbo la mtoto. "Mimi nahesabu."

Sitini na saba.

Tulikimbia mpaka kituo cha afya, yeye kambeba mtoto, mimi nimetangulia nikiwasogeza watu njiani. Nesi alimwekea Shami mpira wa hewa puani, akamchoma sindano. Nimonia, alisema. Kilimi chake ni kizima, hakina kosa.

"Atapona?" nikamuuliza.

"Mngemleta mchana ingekuwa rahisi zaidi. Sasa tuiache dawa ifanye kazi."

Hakusema ndiyo. Nilimwangalia mdomo nikingoja aongeze neno, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tumekaa kila mtu upande wake wa kitanda. Jua linashuka dirishani, simu yangu iko wazi juu ya shuka. Mama mkwe ameinama, midomo inamcheza, kiganja kiko palepale.

"Sitini na mbili," akasema.

Baada ya muda tukarudia.

"Hamsini na nane."

Nikayafuta macho, nikaianzisha saa upya. "Tena, Mama."