Waya wa Hatua Kumi na Mbili

Jumatatu hiyo, baada ya chai, mzee Ambilikile alikaa kwenye kigoda uani kwake akaanza kutengeneza nyaya za betri za gari la wagonjwa. Alikuwa na kila kitu: waya wa mashine ya kuchomelea alioununua mpakani Kasumulu, unene wa kidole gumba, vichwa vya shaba, jiko la mkaa, lehemu, nyundo, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kilichokosekana ni betri tu.

Betri iliondoka siku lile gari lilipokabidhiwa kwa kata. Vipaza sauti vilizimika katikati ya hotuba, ikachomolewa ili mgeni rasmi amalizie, na watu walipotawanyika ikawa imekwenda na wenye vipaza sauti, pamoja na nyaya zake. Kata ikaandika barua kuomba nyingine. Barua ilikuwa na miezi tisa sasa, na mtendaji wa kata, bwana Sylvester, kila akiulizwa alisema subira huvuta heri. Waliwahi kulisukuma gari liwake, likazama kwenye udongo wa mpunga mpaka ekseli. Kwa kuwa kituo cha afya hakikuwa na uzio, gari lililazwa kwa Ambilikile, aliyekuwa fundi umeme wa magari kwa miaka arobaini, na kuku walitaga chini yake. Godwin, dereva, alifika kila asubuhi akakaa kwenye usukani mpaka saa tisa na nusu, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Ambilikile alisema siku betri ikija hataki waanze tena kuandika barua ya nyaya. Alimenya ngozi ya waya kwa kisu, akasokota nyuzi za shaba, akaziingiza kwenye kichwa na kuzigongagonga mpaka zikabana, kisha akayeyusha lehemu juu yake. Waya mwekundu aliukata mfupi, akaufunga upande mmoja kwenye stata. Mweusi aliufunga kwenye bodi, lakini mwisho wake alikuwa hajaukata. Aliuacha unyooke juani, ukakatiza ua na kupinda nyuma ya ukuta wa jiko, hatua kumi na mbili.

Hapo bodaboda ikaleta mama mjamzito ambaye mtoto wake alikuwa ametanguliza mkono. Muuguzi wa kituo alisema ni hospitali tu. Watu wakalitazama gari. Ambilikile, kwa hasira zaidi kuliko matumaini, akakishika kichwa cha waya mwekundu kwa mkono wa kulia akamwambia Godwin, "Haya, washa!"

Injini ikanguruma. Kuku wakatoka.

"Nani kashika huko nyuma?" akauliza Ambilikile bila kuachia.

Mkewe Felista akachungulia. "Mkweo. Anautoa waya kwenye mpunga wake alioanika."

"Mwambie asiachie."

Mama yule akapakiwa, gari likaondoka, na jioni habari ikarudi kwamba amejifungua salama. Watu walisema kumbe waya ni mzuri.

Mkwe huyo, jina lake Kisa, alikuwa mke wa Anyisile, mwana mkubwa wa mzee. Aliishi pale mwaka wa tatu, na yeye na baba mkwe wake walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Ndivyo Wanyakyusa walivyokuwa: mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, wala hapiti alipo. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa benchi moja kanisani na kuchangia kitabu cha nyimbo. Nyumba hii haikuacha. Ambilikile alimjua mkwewe kwa kikohozi chake na kwa namna alivyotwanga, na kwa mambo hayo mawili alimpenda sana.

Kesho yake walijaribu wengine. Felista aliposhika waya mweusi, honi ililia kidogo. Aliposhika Anyisile halikutokea jambo. Bwana Sylvester mwenyewe alivua koti akashika kwa mikono miwili, na kifuta kioo kikaenda mara moja upande wa kushoto kikalala. Ilikuwa lazima awe baba mkwe kwenye chanya na mkwe kwenye hasi. Sylvester akavaa koti lake, akaandika kwenye taarifa ya mwezi kwamba gari linawaka.

Sasa, Ambilikile alijua kitu ambacho kila fundi anakijua: waya wa betri huwa mfupi na mnene. Waya mrefu hula moto wa umeme njiani, na kinacholiwa lazima kitoke kwa anayetoa. Alipaswa kuukata ule mweusi ubaki hatua mbili. Lakini hatua mbili zingemleta Kisa magotini pake. Basi akauacha na urefu wake wote, akautia kichwa cha shaba, akauzungushia mpira vizuri, akaona amefanya jambo la heshima.

Gari likawa linawaka, wiki hii mara tatu, wiki ile mara tano. Kila likiwaka, Kisa alipoa kidogo. Mwanzoni lilikuwa jambo jema, kwa lile joto la Kyela. Majirani waliweka soda karibu na miguu yake, na wanawake waliotoka ziwani na usipa, dagaa wa huko, waliomba waupumzishe chini ya kigoda chake usiharibike. Anyisile alianza kulala na blanketi mbili. Baadaye mikono ya Kisa ikawa haipati moto hata akiishikilia juu ya mafiga. Tumaini, binti yake wa miezi sita, alinyonya maziwa ya baridi akatetemeka, mpaka Felista akawa anayakamulia kwenye sufuria na kuyapasha. Kisa hakuweza kumpakata mwanawe bila kumfunga kwanza vitenge vitatu, na hilo lilimliza.

Ambilikile naye aliona goti lake bovu limenyooka, kana kwamba moto wa mkwewe ulimpitia yeye. Alikula ugali mara mbili. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

Alikwenda ofisi ya kata kuulizia betri.

"Mzee wangu," Sylvester alisema kwa upole, "ombi lile limefutwa. Nitaombaje betri ya gari linalowaka?"

"Linawaka kwa mkwe wangu."

"Ndiyo, na tunamshukuru. Ndaga fijo, umfikishie."

Siku hiyo mzee aliapa kutoshika tena waya. Mchana akaletwa mtoto mwenye degedege. Ambilikile akatia mikono mfukoni na kutazama migomba. Watu walimsihi. Kisha waya mweusi ukasogea wenyewe ardhini, ukanyooka. Kisa alikuwa ameuokota kule nyuma.

"Anasema mtoto wa watu anakufa," Felista akaleta ujumbe. Ambilikile akatoa mikono mfukoni.

Kesho yake akaukata ule waya, zikabaki hatua nne. Akajifunga kitambaa machoni, akakaa kando ya gari kungoja mgonjwa, na mgonjwa hakukawia, mzee mmoja aliyeng'atwa na nyoka shambani. Kisa akafika kwenye pembe ya ukuta, akaishia hapo. Alisimama, akajaribu tena, akasimama. Mzee wa nyoka alikuwa anahema.

"Hawezi," Felista alisema. "Anasema hata ukifumba macho, wewe ni wewe."

"Mwambie nimemruhusu."

"Nimemwambia. Hata miguu yake ameiambia."

Ikabidi Ambilikile avue kitambaa, auunge waya upya, haraka. Kiungo hula moto kuliko urefu, na kiungo cha haraka hula zaidi. Gari lilipowaka kilitoa moshi, na nyuma ya jiko Kisa akasema "mama" mara moja tu. Mzee wa nyoka alipona.

Wiki haikuisha Kisa akaanguka juu ya mpunga wake, umande umemtanda mwili mzima saa sita za mchana. Moyo ulikuwa unapiga, polepole, kama mtu anayebisha hodi asiye na haraka. Wakamlaza kwenye machela ndani ya gari, halafu wote wakabaki wameduwaa, kwa sababu gari lilitaka kuwashwa.

Felista akatundika kitenge kati ya machela na mlango. Akauvuta waya mweusi, akakunja vidole vya mkwewe kimoja kimoja juu ya kichwa cha shaba. Ambilikile, upande wa pili wa kitenge, akashika mwekundu. Alikuwa akilia waziwazi.

"Washa," alisema.

Liliwaka mara moja, wala halikuwahi kuwaka vizuri vile.

Hospitalini walimlaza kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Siku ya tatu alifungua macho na kuomba uji. Muuguzi Jubilate alimpima joto, akatazama kipimo, akakipangusa, akapima tena. Jokofu la chanjo lilikuwa limekufa tangu mwaka jana na barua yake ilikuwa inashughulikiwa. Jubilate alikuwa mtu wa kazi. Akaleta sanduku la chanjo akaliweka miguuni pa Kisa chini ya shuka, na asubuhi akakuta chanjo ziko sawasawa kama kitabu kinavyotaka.

Uani kwa Ambilikile gari likalala tena. Sylvester alikuja kulitazama, akapewa kiti.

"Na mwanao mdogo, Jackson," alisema baada ya salamu, "ataoa lini?"

"Ana miaka kumi na tisa."

"Mumhimize. Wananchi wanapata shida."

Ambilikile alinyanyuka bila kuaga, akapanda bodaboda mpaka hospitalini. Wodini asingeweza kuingia. Akazunguka nje, akasimama chini ya dirisha la mwisho, mgongo ukiegemea ukuta. Jubilate alimwona akatoa kichwa.

"Mzee, mkweo anaendelea vizuri. Hata jana alianza kupata joto kidogo, tukamwondolea blanketi."

"Mkamwondolea?"

"Chanjo zingeharibika. Kuna watoto mia nne kwenye orodha."

"Mtamruhusu lini?"

"Jokofu likifika," alisema Jubilate bila ubaya wowote, akarudi ndani.

Mzee alibaki pale. Alikuwa amepanga njiani maneno ya kuomba radhi, lakini yote yalihitaji mtu wa kuyapeleka, na Felista alikuwa nyumbani anapasha maziwa. Jua lilimchoma. Kutoka dirishani baridi ilikuwa inashuka ukutani, ikamfika shingoni. Kisha akasikia kikohozi anachokijua, na baada ya kikohozi sauti, ndogo na safi, ambayo hakuwahi kuisikia ikimwelekea yeye.

"Baba."

Akaondoa mgongo ukutani. Hakugeuka.

"Baba, wamesema jokofu linakuja mwezi ujao."

Ambilikile alirudisha mgongo ukutani, penye baridi ile.

"Litakuja, mwanangu," alisema.

Ndani sanduku lilifunguliwa, vichupa vikagongana, na muuguzi akamwambia Kisa asogeze miguu kidogo.