Kitabu cha Mama Anayefagia

Itangazwe kwa wote wenye masikio, wakiwemo waliolala na blanketi kichwani: katika shule hii ya bweni ameinuka mwandishi mkuu wa Kikristo, mla vitabu, taa ya kizazi chake, ambaye kila Jumapili jioni husimama mbele ya madhabahu na kuwaeleza wenzake kitabu alichosoma wiki hiyo na jinsi kilivyomgusa moyo. Jina lake la heshima ni Mchungaji. Kondoo hana. Na tangu arudi kutoka likizo, hajamaliza kusoma ukurasa hata mmoja.

Zamani hakuwa hivyo. Alisoma kila kilichoandikwa: vitabu vya maktaba, karatasi zilizofungiwa sabuni, maelezo ya dawa ya minyoo. Aliwahi kusoma kitabu cha nyimbo za ibada kuanzia jalada hadi jalada, kisha akalalamika kwamba hadithi yake haisongi mbele. Kwenye foleni ya chakula alisoma mpaka waliokuwa nyuma yake wakala, wakashiba, wakaosha sahani.

Halafu, likizoni, mdogo wake wa mwisho akashikwa na homa. Mchungaji alisali kama vitabu vilivyomfundisha, kwa magoti na kwa kufunga, bila chembe ya shaka. Mtoto akafa asubuhi, jua likiwaka vizuri kabisa, jirani akianika nguo zake kama kawaida.

Tangu hapo kusoma kwake kumekuwa kuteka maji kwa pakacha. Anaanza sentensi, anafika kwenye nukta, anajitazama: hana kitu. Anarudi mwanzo. Maneno yapo palepale na maana yake anaijua, ila hakuna hata moja linalozungumza naye.

Angeweza kusema. Lakini padri mlezi wa shule alimpa pole mlangoni, akamshika bega na kuongeza, "Mungu ana makusudi yake. Jumapili tunakutegemea." Basi Jumapili ikafika, Mchungaji akasimama mikono mitupu, na akatunga. Alitunga kitabu kuhusu baharia aliyekataa kuapa, na wiki iliyofuata kingine kuhusu mwizi aliyeiba kengele ya kanisa, kisha akashindwa kuiuza kwa sababu kila alipoitikisa, watu walikuja kusali. Kanisa zima likaitika amina. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuiona ya Mchungaji, iliyopita katikati ya kanisa na kushangiliwa pande zote mbili.

"Wewe unasoma saa ngapi?" aliuliza jirani yake wa kitanda cha chini. "Mimi nakuona unatazama dari tu."

"Nasoma kwa roho."

"Basi roho yako iniazime miwani, nina mtihani wa hesabu."

Jumapili ya tatu akatunga kitabu kuhusu mama aliyemwombea mwanawe, mwana akafa. Kila asubuhi mama huyo alifagia chumba kisicho na mtu, na kila alipofagia alimuuliza Mungu swali lilelile: ulikuwa wapi? "Na katika ukurasa wa mwisho," Mchungaji alisema, sauti ikimtetemeka bila kuigiza, "akajibiwa. Jibu lenyewe, kasomeni." Kisha akaketi haraka, kama mtu aliyekanyaga ubao mbovu na kuusikia ukilia.

Kesho yake msichana mmoja wa darasa lake alikwenda maktaba kukiulizia. Wenzake walimwita Kengele, kwa kuwa ndiye aliyegonga kengele ya vipindi na ya ibada. Mama yake alikuwa amelazwa muda mrefu. Sasa madaktari walikuwa wameiambia familia imchukue, akae nyumbani na watu wake. Kengele alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kumuuguza kuanzia Ijumaa. Alitaka kwenda na kitabu kile, amsomee.

Kufikia Jumatano mama wa maktaba alikuwa ameteremsha rafu nzima. "Mwanangu," alimwambia Mchungaji, vumbi likiwa mpaka kwenye nyusi, "kitabu hicho hata panya wangu hawakijui, na wao wameonja vyote."

"Nilikisoma nyumbani, mama. Kina jalada jekundu."

Mchungaji alicheka. Kengele, aliyesimama pembeni, hakucheka.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Kengele alimkuta Mchungaji darasani peke yake. Begi lilikuwa begani.

"Kama kitabu kiko kwenu, sawa," alisema. "Niambie huo ukurasa wa mwisho tu. Nitaukariri njiani."

Mchungaji alifungua mdomo. Amina zote za kanisa zilikuwa nyuma yake zikimsukuma. "Yule mama," alianza, "siku moja akiwa anafagia, aka..."

Kengele alisogea karibu.

"Akasikia..."

"Kina jalada la rangi gani?"

"Kijani."

"Jumatano ulimwambia mama wa maktaba jekundu." Hakusema kwa hasira. Alikaa kwenye dawati la mbele na kuliweka begi mapajani. "Usinifanyie hivyo, Mchungaji. Mimi naenda kukaa naye kweli."

Pale ndipo taa ya kizazi chake ilipozimika.

"Hakipo," alisema. "Nimekitunga. Vyote nimevitunga. Yule ni mama yangu, na kile ni chumba cha mdogo wangu. Nilimwacha akifagia siku niliyopanda gari kuja huku."

"Na swali?"

"Nilimsikia akiuliza. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Na jibu?"

"Nilisimama pale mpaka akamaliza kufagia. Hakukuwa na kitu."

Kengele alitazama nje. Uwanjani wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wakigombania mpira uliokosa upepo.

"Kwa hiyo nikifika nimwambie nini?"

"Sijui."

"Wewe uliyesoma vyote."

"Sijui, dada."

Alinyanyuka, akavaa begi. Mlangoni akageuka. "Hata hivyo, mama yako alikuwa bado anauliza. Kuuliza nako si kusali?"

"Kwake labda," alisema Mchungaji. "Mimi niliacha siku ya mazishi. Kila Jumapili mnapofumba macho, mimi yangu yako wazi. Nawahesabu."