Grili za Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Kufuli, na sidhani kama kuna aliyekumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na grili zake za madirisha zilienea bondeni kote, nyumba hadi nyumba, kila moja na kikufuli cha bati katikati ili watu wajue kazi ya nani. Miguu ya grili aliizamisha ndani ya zege. Milango ya chuma aliitengeneza ifunguke kwa nje, mwizi apige teke mpaka achoke. Mteja akiuliza kama ni imara, alining'inia mwenyewe kwenye vyuma, kitambi na yote, akacheka: "Mwizi akija na msumeno hapa, atakata mpaka apate mjukuu!" Watu walicheka naye, wakampa kazi.

Siku hiyo redio ilianza kupiga kelele tangu asubuhi. Mvua haijakatika huko juu, mto umejaa, watu wa bondeni wahame. Mama yake akampigia simu. Aliishi peke yake kule chini, na magoti yalikuwa yamemgomea siku nyingi. Kupanda kilima kwa miguu ilikuwa shughuli.

"Baba, wanatangaza tuhame," alisema mama. Ndivyo alivyomwita mwanawe huyo wa pekee tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Nimesikia, mama. Nakuja."

"Mama Pacha hapa jirani anasema akishamaliza kufunga vitu vyake nipande naye polepole."

"Upande naye na magoti hayo? Halafu uache nyumba, wezi wabebe mpaka kitanda? Jifungie, mama. Nakuja kukuchukua na pikipiki."

Hakwenda. Si kwamba alikataa, hapana. Kulikuwa na geti la mteja limebaki kidogo tu, na mteja mwenyewe amekaa pale pale karakana anatingisha mguu. Kidogo kile kikazaa kidogo kingine. Umeme ulipokatika ndipo alipoinua uso, akasikia mngurumo unatoka bondeni, akajua lile si lori.

Alikamata vilivyokuwa karibu: mtaimbo, kamba, msumeno wa mkono na bledi zake chache. Mashine ya kukatia ingemaliza kazi mara moja, lakini mashine bila umeme ni pambo la mezani. Pikipiki aliitupa katikati ya kilima, barabara ilipogeuka tope.

Chini hapakuwa na mtaa tena. Maji mekundu yalipita kati ya nyumba yakiwa na magodoro, mabati, na banda zima la kuku. Kinyozi, ambaye alikaa kwenye ghorofa pekee la pale, lile lililoegemea kilima mkabala na nyumba ya mama, alikuwa amesimama kwenye ngazi za nje.

"We Kufuli, una wazimu? Usijitose hivyo hivyo, yatakubeba! Jifunge kamba!"

Kwa mara ya kwanza maishani Kufuli alitii bila ubishi. Alijifunga kiunoni, kinyozi akafunga ncha nyingine kwenye nguzo ya ngazi, na Kufuli akaingia majini akitanguliza mtaimbo kupima kina. Alisikia kabla ya kuona: kijiko kinagonga chuma, ngo, ngo, ngo. Mama alikuwa amesimama nyuma ya dirisha, maji yamemfika kiunoni, kijiko mkononi.

"Mama!"

"Nipo. Swichi kuu nimeizima tangu mapema, shika vyuma usiogope."

"Mlango je?"

"Nimesukuma mpaka basi."

Kufuli aliuendea mlango. Tope, mbao, na friji ya watu vilikuwa vimejazana mbele yake. Alivuta ubao mmoja, zikaja mbili. Mlango unaofunguka kwa nje, na nje kumeziba. Akarudi dirishani, akachomeka mtaimbo chini ya grili, akaegemea kwa uzito wake wote. Haikutikisika hata kidogo. Kazi safi! Wallahi, alitamani angekuwa fundi mbovu, mmoja wa wale wanaoiba saruji na kupaka rangi juu.

Akaanza kukata. Bledi ya kwanza ilikatika mapema, kwa pupa yake mwenyewe. Akaweka nyingine. Msumeno ulilia juu ya chuma, maji yakamsukuma mgongoni, mikono ikateleza. Ndani, mama alikuwa amefikiwa kifuani.

"Si ulisema mwizi atakata mpaka apate mjukuu?" mama akasema, meno yakigongana kwa baridi. "Haya, kata. Mimi wangu sijamwona bado."

Kufuli alicheka, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

"Nisamehe, mama. Nilikwambia nakuja."

"Kata kwanza. Utalia baadaye. Na uvikate viwili, mwili wangu unaujua."

Cha kwanza kilikatika. Bledi nyingine ikavunjika. Cha pili kilipoachia kwa chini, maji yalikuwa yanamgusa mama kidevuni, naye ameinua uso juu, haongei tena. Kijiko kilikuwa kimemponyoka. Kufuli alinasa mtaimbo kwenye vyuma, akavuta huku anapiga yowe, vikapinda kwenda nje. Akamshika mama kwapani. Gauni lilichanika, chuma kikamchana paja, na mama akatoka ubavu ubavu mpaka mikononi mwake, mzito, baridi, anapumua. Kinyozi alivuta kamba, na wote wawili wakafika ngazini wakitambaa.

Kinyozi alimfunika mama kwa mashuka yake ya kunyolea watu. Kufuli alikaa kwenye ngazi, kichwa mapajani mwa mama. Alidhani yameisha. Mama akamshika bega.

"Baba, unasikia?"

Alisikia. Ngo, ngo. Si kijiko kimoja. Sufuria, funguo, mwiko, chochote kilichokuwa karibu na mkono wa mtu, vikigonga chuma nyumba hii na ile, mpaka kule mtaa unakopinda. Si wote waliokuwa wamehama. Wengine walimalizia kufunga vitu, wengine waliogopa wezi kama alivyowaogopesha mwenyewe kila alipokuwa anatafuta kazi. Aliinuka akatazama. Katika kila dirisha palikuwa na vidole vimeshika vyuma, na katikati kikufuli chake cha bati.

Alipapasa mfukoni. Bledi ilibaki moja.

"Mvua inaongezeka," kinyozi alisema kwa sauti ya chini. "Na kule kamba haitafika."

"Unganisha na mashuka yako," mama alisema. Kisha akamgeukia mwanawe, macho yamejaa machozi, mkono bado umeng'ang'ania shati lake. "Anza kwa Mama Pacha. Ana watoto." Akaliachia shati.

Mama Pacha alikuwa amesimama juu ya kabati nyuma ya dirisha lake, amewabeba mapacha wake, na alipomwona Kufuli anashuka ngazi alipiga ukelele: "Kufuli! Kufuli, njoo!"

Kufuli alifungua mdomo amjibu kuwa anakuja. Ndilo neno alilomwambia mama yake asubuhi. Akaufunga mdomo, akaingia majini.