Meza Ndogo ya Isbrand Wiebe

Jumapili, watu walipokwisha kuamka usingizi wa mchana, Bibi Aganetha Wiebe alitandika meza mbili: kubwa ya familia, na ndogo ya mumewe Isbrand, ambaye alikuwa marehemu. Isbrand aliingia kwa mlango wa jikoni, akakung'uta udongo wa kaburini, akauliza jamu iko wapi. Kufa hakukumpunguzia ulafi hata chembe.

Mjukuu wao Justina, aliyetoka Kanada kuja kujifunza mila za Wamenonaiti wenzake, Wakristo wanaojitenga na anasa za mjini, huku porini Bolivia, alimwamkia babu yake vizuri, kisha akamnong'oneza bibi.

"Mbona babu anakula peke yake kama mbwa?"

"Alitengwa na kanisa. Alitia trekta matairi ya mpira."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Tu? Magurudumu yetu ni ya chuma, mjukuu wangu. Ukiwa na mpira utafika mjini, na mjini kuna dansi."

"Nilifika," Isbrand alisema, mdomo umejaa mkate. "Dansi yenyewe hovyo. Lakini kwa matairi ya mpira kiuno kilipumzika na mitikisiko ya chuma."

Aliyetengwa haketi meza moja na muumini. Aganetha alikuwa na hamu moja iliyomtafuna moyo: kula na mumewe. Kesho yake akamwendea Mzee Klaas, mkuu wa kanisa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye teksi kutoka mjini Santa Cruz. Teksi si dhambi, mradi si yako.

"Mzee, msamehe Isbrand."

"Aje atubu mwenyewe mbele ya watu."

"Si amekufa!"

"Kwani hana miguu? Kwenye mkate mbona anafika?"

Isbrand alipoambiwa, alikataa katakata. "Nitubu nini? Kiuno changu kilimkosea nani?" Aganetha akamwita kichwa kigumu, akalia, akamwongezea jamu.

"Basi nitakufa," alimwambia Justina akipangusa machozi. "Wafu kwa wafu, nani atatutenganisha?"

Kabla ya mavuno ya soya akafa kweli, usingizini, uso mkunjufu.

Jumapili akaja, kilemba cheusi kichwani, akavuta kiti kwenye meza ndogo. Mzee Klaas, aliyealikwa kahawa, akamshika kiwiko kwa upole.

"Hapana, dada Aganetha. Wewe ulikufa muumini safi."

Akamketisha meza kubwa, mahali pa heshima, karibu na siagi. Justina akapitisha mkate. Aganetha akala akimtazama mumewe kisogo. Kufa keshakufa, hakubakiwa na la kungojea.