Yule Mtu Akasema

Kipaza sauti kilimzidi kimo kwa shibiri nzima, na mpiga pasi hakujua kama anaruhusiwa kukishusha. Akanyanyua kidevu. Mikono ndiyo iliyomtia aibu zaidi. Kwa miaka thelathini imezoea kushika kitu kizito cha moto, leo imepewa hewa. Akalishika gauni lake kwenye pindo, akaanza kulinyoosha.

Mbele yake watu kama sitini hivi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, jua la saa kumi na moja likiwapiga ubavuni kupitia madirisha. Bintiye alikuwa mstari wa mbele, uso kaufunika kwa mkoba.

"Mtanisamehe," mpiga pasi akasema. "Mimi sikuja kuchekesha."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Haya, jamani, hapo mtu afanye nini? Umesema kweli tupu, watu wanakucheka. Alitazama nyuma, labda kuna mtu anafanya vituko nyuma yake. Hapakuwa na mtu, pazia tu, tena pazia lenye mikunjo ambayo yeye angeimaliza kwa nusu saa.

Kilichompandisha pale kilikuwa kichekesho cha marehemu mume wake. Mume alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa maneno mengi, hata siku ya Ijumaa Kuu anarudi na rangi masikioni. Kichekesho alikuwa nacho kimoja tu maisha yake yote. Alikisimulia harusini, kwenye foleni ya maji, juu ya ngazi akiwa na brashi mkononi. Na kila alipofika mahali fulani, kicheko kilimshika yeye mwenyewe. Atajipiga mapaja, machozi yatamtoka, ataomba maji. Watu walivunjika mbavu kwa kumtazama tu, na mwisho wa kichekesho haukusemwa. Hakuna aliyeudai. Hata mkewe hakuudai, maana mume wako utamuuliza hata kesho. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu wamzike.

Swali lilianza kumjia akiwa kazini. Anaanza na kola, anakwenda mabegani, anafika kwenye mikono ya shati, na hapo linamvaa: yule mtu wa kichekesho alisema nini? Siku moja lilimvaa vizuri mpaka akaiacha pasi palepale, na shati jeupe la mteja likabaki na alama ya pasi mgongoni. Akamwendea shemeji yake.

"Shemeji, kile kichekesho cha mbuzi kinaishaje?"

Shemeji akakuna kichwa. "Loo! Mimi nilidhani wewe ndiye unayejua. Si mlikuwa mnalala chumba kimoja?"

Akawauliza waliokuwa wakipaka rangi pamoja na marehemu. Mmoja alisema mwisho anaujua ila hausemeki mbele ya mama mtu mzima. Mwingine akala kiapo kwamba hakukuwa na mbuzi kabisa, alikuwa punda.

"Mama, achana nacho," bintiye alimwambia. "Ni kichekesho tu."

"Kwako ni kichekesho. Mimi nimemzika mtu na maneno yake mdomoni."

Ndipo akamfikiria Koti. Huyo ni mchekeshaji mmoja kijana, mteja wake. Walimwita Koti kwa sababu analo moja tu, na kila Jumamosi analileta linyooshwe. Ni yeye aliyemwambia kwamba Jumapili jioni ukumbi wao wa vichekesho uko wazi kwa yeyote, unaandikisha jina unapewa dakika tano. Mpiga pasi akawaza: jino bovu mtu hulipeleka kwa daktari wa meno. Kichekesho kibovu basi kitapelekwa wapi?

"Mume wangu aliniachia kichekesho nusu," akawaambia watu sasa. "Nyinyi ndio wenye kazi hii. Nitawaambia ninachokijua, mnimalizie."

Wakacheka tena. Akasubiri wanyamaze, kama anavyosubiri mkaa wa pasi upoe kidogo.

"Mtu mmoja alimpeleka mbuzi wake kwa kinyozi. Akamketisha kwenye benchi, na yeye akaketi pembeni. Zamu yao ikafika. Kinyozi akamtazama mbuzi. Akamtazama mwenye mbuzi. Akauliza, 'Tuanze na nani?'"

Lahaula! Ukumbi ulipasuka. Kuna mwanamume mstari wa tatu alianguka na kiti chake. Mpiga pasi akainua mkono kuwazuia, "Bado, bado, haijaisha!" na wao wakazidi. Taa nyekundu ya kuisha kwa dakika tano ikaanza kuwaka na kuzima mbele ya jukwaa, akadhani umeme una hitilafu. Hawa wanacheka nini, na maneno yenyewe hayajafika?

"Mama, si imeishia hapo?" Koti alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Haikuishia hapo! Alikuwa anaendelea. Alikuwa anasema, 'Yule mtu akasema…'"

Akakwama hapo. Watu nao wakanyamaza, sitini wote, midomo wazi, wakimtazama yeye.

Na katika kutazamwa kule akakumbuka. Uani kwa shangazi yake, alipokuwa msichana, kulikuja mpaka rangi mwembamba kupaka ukuta. Akaanza kumsimulia habari za mtu na mbuzi. Alipofika kwa kinyozi, msichana alicheka hadi akaketi chini, na yule mpaka rangi alikuwa amekwisha kufungua kinywa, amesema, "Yule mtu akasema…" Akamwona anavyocheka, akakiachia hapo kichekesho chake. Akacheka naye. Ni yeye aliyemkatiza! Tangu siku hiyo, popote aliposimulia, akifika pale lazima ageuze shingo amtafute mkewe kwa macho.

Hata hospitalini. Siku mbili kabla hajakata roho alimwanzia muuguzi mambo ya mbuzi, na alipofika pale akageuka kwa taabu juu ya mto, akamtazama. Mke alikuwa anakunja shuka. Hakuinua kichwa. "Maliza basi, baba," alimwambia, "dada wa watu ana kazi." Naye akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamshika. Miaka mingapi alikuwa akicheka peke yake? Kumi? Roho ilimuuma mpiga pasi, ikamuuma hasa, pale juu ya jukwaa mbele za watu.

"Akasema nini?" mtu akapiga kelele. "Alisema waanze na mbuzi!" "Alisema mbuzi ana haraka!" "Alisema yeye kamsindikiza tu!" Majibu yakawa yanarushwa kutoka kila kona, mengine ya kuchekesha kweli, na yeye akayasikiliza moja moja akitikisa kichwa. Labda moja lilikuwa lenyewe. Angejuaje? Hata marehemu huenda alikwisha kulisahau.

"Sijui," akasema kwenye kipaza sauti. "Basi. Asanteni." Akashuka upande usio na ngazi, Koti akamdaka mkono.

"Mama, umeua! Rudi Jumapili ijayo."

"Nimeua nani tena, mwanangu?"

Njiani bintiye aliuliza mara moja tu, "Umepata ulichokifuata?" naye akajibu, "Sijui nimepata nini."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na shuka za nyumba ya wageni, ishirini na nne, na shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Bintiye alishika ncha mbili, mama mbili. Wakavuta, wakakung'uta, wakasogeleana, ncha zikakutana, wakaachana tena. Ya tano, ya sita. Kwenye shuka ya saba, kila mmoja upande wake na kitambaa kimenyooka katikati, mama akasema:

"Mtu mmoja alimpeleka mbuzi wake kwa kinyozi."

"Mama, jamani. Nakijua."

"Kinyozi akamtazama mbuzi. Akamtazama mwenye mbuzi. Akauliza, 'Tuanze na nani?'" Akaishika shuka kwa nguvu. "Yule mtu akasema…"

Akageuza shingo kidogo, namna ile ile ya marehemu, akamtazama binti yake. Binti naye akasimama na ncha zake mkononi, pembe ya mdomo ikimchezacheza, na shuka kati yao haijakunjwa.